Hajafa, Lakini Je, Anazaa?

Tairi la lori halilikii foleni. Hulika dereva anaposhika breki, anapokata kona na anapong'oa gari lenye shehena, na mambo hayo matatu hayakomi mchana wala usiku Busia na Malaba, miji ya mpakani mwa Uganda na Kenya. Vumbi jeusi linalobaki husubiri mvua. La Busia huteremka kuelekea Mto Sio na Ziwa Victoria. La Malaba hufuata mto wa jina hilo, ambao maji yake huishia Ziwa Kyoga.

Ndani ya mpira huo mna 6PPD, kemikali inayotiwa ili ozoni iliyo hewani isiupasue. Zikikutana, 6PPD hugeuka 6PPD-kwinoni. Timu ya Zhenyu Tian na Edward Kolodziej, jimboni Washington, Marekani, iliitangaza Desemba 2020, ikitafuta kinachoua samoni aina ya koho katika vijito vya mijini baada ya mvua. Walichukua maji yaliyopita kwenye mpira wa tairi, yenye kemikali zaidi ya 2,000, wakayagawa mafungu na kuweka samaki katika kila fungu. Lisiloua likatupwa, lililoua likagawanywa tena, hadi ikabaki moja. Koho hufa ndani ya saa chache, kwa hiyo maiti ndiyo iliyowaonyesha njia.

Kwa jamii ya uduvi njia hiyo inakwama. Mwaka 2021 watafiti wa Japani waliijaribu kwa kiroboto-maji, Daphnia magna, wasipate vifo hata kemikali ilipokaribia kikomo cha kuyeyuka kwake. Wengine wangefunga faili. Naona ni mapema mno, maana kipimo cha kawaida huchukua saa 48 tu: chombo hutikiswa taratibu, na asiyeogelea ndani ya sekunde 15 ndiye huhesabiwa kuwa ameathirika. Anayeogelea kwa kuyumba anahesabika mzima.

Kipimo cha siku 21 kina macho makali zaidi. Jike mmoja mmoja hukaa kwenye chombo chake, hulishwa mwani, na watoto wake huhesabiwa na kuondolewa. Kiroboto-maji huzaa bila dume, hivyo majike wote ni wa ukoo mmoja na tofauti yao inatokana na maji. Wale wa maji safi lazima wafikishe wastani wa watoto 60. Wasipofika, jaribio zima halihesabiki. Mwili wa kiroboto-maji unapitisha mwanga, kwa hiyo hata mapigo ya moyo huhesabika kwa darubini bila kumpasua.

Mtego uko kwenye kemikali yenyewe. Haipendi maji, hung'ang'ania plastiki na mpira. Anayeandika kiwango alichomimina asubuhi bila kupima kilichobaki jioni atasifu usalama ambao haupo. Na kwa kuwa huyeyushwa kwanza kwa kimiminika kingine, lazima pawe na chombo chenye kimiminika hicho peke yake, kisije kikabebeshwa lawama.

Kwa maji yetu nisingeanza na Daphnia magna, mzoefu wa maji ya baridi. Ningemchukua Caridina nilotica, uduvi wa Ziwa Victoria anayeliwa na sangara wachanga, ambaye maabara za Afrika Kusini zimeshamtumia kupima sumu. Maji yachotwe kwa chupa za kioo, mtaroni na mtoni, mvua ya kwanza ya Machi inapoanza kuosha lami.