Sarafu Nilitoa, Sikio Sikutoa: Fikra juu ya Muziki wa Hukwe Zawose

Miaka ile nilipokuwa karani katika ofisi moja karibu na Posta ya Zamani, nilikuwa na desturi ya kurudi nyumbani kwa miguu, kutoka Kivukoni hadi Kariakoo, ili nibakishe nauli ya daladala. Njia yangu ilipita Mtaa wa Samora. Hapo, chini ya kibaraza cha duka moja, alikuwa akikaa mzee mmoja asiyeona, ameegemea ukuta, mapajani amepakata ilimba. Pembeni yake palikuwa na mtoto aliyeshika kopo. Mzee akipiga, mtoto akitikisa kopo, nasi watu wa mjini tukipita.

Naandika haya kwa aibu. Siku nilizokuwa na chochote mfukoni nilitupia sarafu. Lakini kusimama na kusikiliza, hata mara moja sikupata kusimama. Hapa Dar es Salaam tulikuwa tumekwisha kujifundisha, bila ya kufundishwa na mtu, kwamba Mgogo ni ombaomba, na kwamba mlio wa ilimba ni sehemu ya kuomba, kama vile kengele ilivyo sehemu ya muuza barafu. Muziki kwetu ulikuwa dansi, ulikuwa taarabu, ulikuwa rumba kutoka Zaire. Ule wa ukutani hatukuuita muziki. Sarafu nilitoa, sikio sikutoa.

Baadaye rafiki yangu mmoja alirejea kutoka Ulaya akaniletea zawadi, sahani ya CD yenye jina Chibite, iliyotolewa mwaka 1996 na kampuni ya Real World ya Uingereza. Chibite ni neno la Kigogo, maana yake ni twende. Mpigaji alikuwa Hukwe Zawose. Niliisikiliza usiku chumbani kwangu Kariakoo, na pigo la kwanza tu la ilimba likaniinua kitandani. Mlio ule niliujua. Nilikuwa nimeupita kila jioni. Ilibidi usafiri hadi Uingereza, utiwe katika kasha zuri lenye maandishi ya Kiingereza, urudi kwa ndege, ndipo mimi niliyekuwa hatua mbili kutoka kwake niusikie. Kesho yake nilipita Mtaa wa Samora mapema. Kibaraza kilikuwa kitupu, na mzee yule sikumwona tena.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza habari za Zawose, na msomaji atanisamehe nikimweleza kama mtu anayelipa deni.

Alizaliwa mwaka 1938 katika nchi ya Ugogo, mkoa wa Dodoma, katika jamii ya wafugaji. Katika miaka ya 1960 Serikali ya Tanganyika, na baadaye Tanzania, ilikuwa na kiu ya kuuonyesha ulimwengu kwamba tuna utamaduni wetu wenyewe. Mwalimu Nyerere alikuwa amelisema hilo waziwazi mwaka 1962, alipounda wizara ya utamaduni na vijana. Kikaanzishwa kikundi cha ngoma cha taifa, na wapigaji mahodari wakatafutwa mikoani. Zawose alikuwa mmoja wa walioitwa Dar es Salaam. Kwa hiyo ilimba iliingia jijini kwa milango miwili. Mmoja ulikuwa wa Ikulu na majukwaa ya sherehe, mwingine wa vibaraza vya maduka. Tuliupigia makofi ule wa kwanza na kuupita ule wa pili, na wala hatukushangaa kwamba chombo kilikuwa kile kile.

Sasa tukitazame chombo chenyewe. Ilimba ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kwa Wagogo sanduku hilo huwa kubwa, na vyuma vyake ni vingi kuliko vinavyopigwa. Vile visivyoguswa hutikisika vyenyewe jirani zao wanapopigwa, vikaongeza mvumo, mithili ya watu wanaoitikia bila ya kuambiwa. Tena pana tundu lililofunikwa kwa utando wa buibui, nalo ndilo litoalo ule mkwaruzo unaofanana na nyuki. Mgeni hudhani chombo kina kasoro. La hasha! Mkwaruzo huo umetafutwa, na ilimba isiyokwaruza huonekana haijakamilika.

Jambo la pili ni sauti zenyewe. Muziki wa Wagogo hufuata ngazi ya maumbile, zile sauti zinazotoka zenyewe mtu akipuliza baragumu au akigusa uzi mmoja uliokazwa vema. Ngazi hiyo hailingani sawasawa na ya kinanda cha Kizungu, ambacho vipande vyake vimepimwa na kusawazishwa ili viwe na nafasi sawa. Sauti moja ya Kigogo huangukia kati ya vipande viwili vya kinanda, na ndiyo hiyo inayomfanya msikilizaji ahisi kwamba wimbo uko mbali na karibu kwa wakati mmoja. Zawose aliishika ngazi hiyo kwa ilimba, kwa zeze na kwa koo lake mwenyewe, koo lililoweza kushuka chini kama mngurumo kisha likapanda juu hadi likafanana na sauti ya mtoto, wala usisikie mahali lilipovukia.

Ndiyo sababu katika kazi zake nilizosikia naiweka Chibite mbele. Humo hakuna kilichozidi. Kuna sauti za watu, ilimba, zeze, njuga na kayamba, na nafasi baina yao. Hata Tanzania Yetu, iliyotolewa London mwaka 1985, ambayo alipiga pamoja na Dickson Mkwama na Lubeleje Chiute, ina uzuri wa namna hiyo wa wazee watatu wanaosikilizana. Mwaka 2002 ilikuja Assembly, aliyoifanya na Mkanada Michael Brook, mpiga gitaa na mtengenezaji wa muziki. Wako wanaoisifu, nami sitasema ni kazi ya kizembe. Lakini kila niisikilizapo naona gitaa na vinanda vinamzunguka mzee kama wageni wenye adabu wasiojua lugha. Sauti ile inayoangukia kati ya vipande inaguswa, inakandamizwa, na mahali pengine inafunikwa kabisa. Kilichobaki kinapendeza, ila kinampendeza mtu yeyote mahali popote, na Ugogo umekuwa rangi ya mandhari.

Hata hivyo, nikiishia hapo nitakuwa nimemdhulumu, kwani Zawose hakuwa mpigaji tu. Alikuwa mwalimu. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981, baada ya vikundi vya sanaa vya taifa kuvunjwa, alikuwa miongoni mwa waliokwenda kufundisha, na Bagamoyo ikawa nyumba yake hadi mwisho.

Hapa pana swali gumu. Warusi walikuwa na kodiani yao ya kijijini, bayan, chombo cha harusi na cha ulevi. Mwaka 1948 wakaiingiza katika Chuo cha Gnesin, Moscow, wakaiwekea masomo, mitihani na maprofesa, hata leo mpigaji wa bayan hupiga Bach mbele ya watu waliofunga tai. Wamepata heshima. Lakini kuna kitu kilichobaki kijijini. Na sisi je? Ngoma ya Wagogo ilikuwa na siku yake na sababu yake, ilikuwa ya jando, ya mavuno, ya kuomba mvua. Muheme ilikuwa ngoma ya wanawake. Mara inawekwa katika ratiba, saa mbili hadi saa nne, afundishwe Mmakonde na Mzaramo na Mchaga, kisha ipunguzwe iwe ya dakika saba ili mheshimiwa asichoke. Mwalimu katika mazingira hayo anafundisha nini? Anafundisha vidole, au anafundisha maisha yaliyozaa vidole hivyo?

Zamani nilijibu swali hili kwa ukali. Nilisema chuo ni makaburi ya ngoma. Leo nimepunguza ukali, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kijana wa Kimakonde aliyejifunza ilimba darasani kwa Zawose hataweza tena kumpita mzee wa kibarazani kama nilivyompita mimi. Atasimama, kwa kuwa anajua ugumu wa kazi ile. Hilo peke yake ni malipo ya ratiba nzima.

Sababu ya pili iko nyumbani kwake. Pale Bagamoyo, mbali na darasa la chuo, alikuwa na darasa jingine lisilo na kengele, la watoto, wajukuu na watoto wa ndugu. Mpwa wake Charles Zawose alizunguka naye dunia, na mwaka 2002 walikuwa wakifungua maonyesho ya Peter Gabriel huko Marekani. Zawose alifariki tarehe 30 Desemba 2003. Charles naye akamfuata mwaka 2004. Wengi wetu tulidhani uzi umekatika. Nao ulikuwa haujakatika, ila ulikuwa mikononi mwa watu tusiowatazama. Katika vikundi vya ukoo ule wanawake walikuwa nyuma, wakiitikia na kucheza, na waliosimama mbele na ilimba walikuwa wanaume. Mwaka 2024 Pendo Zawose, binti yake, na Leah, mjukuu wake, walitoa kazi yao iitwayo Maisha kwa kampuni ile ile ya Real World, kwa jina la The Zawose Queens. Wanaimba, wanapiga, wanaongoza. Mwalimu hakuwaweka mbele, lakini walikuwa wakisikiliza. Elimu ina tabia ya kumfikia hata asiyeitwa.

Nafikiri hapo ndipo penye kipimo cha haki cha kazi ya Zawose, si katika majukwaa ya Ulaya wala katika sifa za magazeti ya kigeni. Mpigaji hupimwa kwa mkono wake, mwalimu hupimwa kwa masikio aliyoyafungua. Yangu aliyafungua akiwa hanijui, nami nikiwa nimekwisha kuchelewa.

Bado napita Mtaa wa Samora mara kwa mara. Maduka yamebadilika majina, na kelele za magari zimezidi. Majuzi, karibu na kituo cha Posta, nilimkuta kijana mmoja akipiga zeze la uzi mmoja, kofia yake iko chini mbele yake. Nilikuwa na haraka ya kwenda kivukoni kuwahi pantoni. Nikasimama. Pantoni lile liliniacha, nikapanda la pili.