"Asasi za Kiraia": Uhakiki wa Istilahi

Miongoni mwa istilahi zinazotufikia kwa wingi katika nyaraka za ofisi na za mashirika ni zile zihusuzo uhuru wa raia: asasi za kiraia, nafasi ya kiraia, ufuatiliaji wa haki. Tunakusudia kuzipima hapa, si kwa kamusi peke yake, bali kwa hali ya wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ambako maana ya maneno haya yaweza kumgusa mtu mwilini.

Tuanze na ufuatiliaji. Mwananchi hufuatilia shauri lake mahakamani; lakini pia hufuatiliwa na askari. Huko Nyamongo, kando ya mgodi wa North Mara, ambako polisi waliwaua watu kwa risasi mwezi Mei 2011, mtu akiambiwa kuwa amefika mfuatiliaji hana budi kujiuliza anayefuatiliwa ni nani. Uangalizi lafaa zaidi. Tumekwisha kulizoea katika waangalizi wa uchaguzi, nalo lakusanya mawili: kutazama na kutunza.

Nafasi ya kiraia ni dhaifu zaidi. Nafasi ikibandikwa ubaoni, msomaji hudhani ni ya kazi. Na kiraia, kwa watu wengi, ni vazi la askari aliyeacha sare nyumbani. Hapa hatukuwa na haja ya kubuni. Hati ya haki iliyoingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984 yataja uhuru wa maoni katika ibara ya 18, na uhuru wa mtu kushirikiana na wengine katika ibara ya 20. Maneno hayo humwonyesha mtu akitenda. Nafasi humwonyesha akingoja kupewa.

Kasoro kubwa imo katika asasi za kiraia. Watumiaji wengi huifasiri kuwa ni kila chombo kisicho cha serikali. Kwa kipimo hicho, ritongo, yaani baraza la Wakurya, ni asasi ya kiraia. Na inchama, baraza la siri la wazee wa mila lipangalo msimu wa tohara, nalo ni asasi ya kiraia. Nyumba salama ya Mugumu, iliyofunguliwa mwaka 2014 kuwapokea wasichana wanaokimbia kukeketwa, imo katika fungu hilohilo. Hivyo mlango ambao msichana anaukimbia na mlango ambao anaukimbilia vimepewa jina moja! Mfasiri akiandika kwamba asasi za kiraia zilindwe, amelinda upande upi?

Katiba imekwisha kutupa kipimo. Ibara hiyohiyo ya 20 yakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Sifa ya msingi, basi, ni hiari. Kutokuwa cha serikali hakutoshi. Kwa hiyo twapendekeza jumuiya za hiari. Mabaraza ya ukoo yaitwe kwa jina lake: mabaraza ya jadi. Hatuyadharau, kwani yamesuluhisha magomvi mengi ya mifugo. Twakataa tu yasihesabiwe yasipostahili.

Huenda msomaji akasema kuwa haya ni mabishano ya majina. Lakini jina huweza kuwa pingu. Hungaria ilitunga sheria mwaka 2017 kuzilazimisha jumuiya zipokeazo fedha za nje zijitambulishe hadharani kwa sifa hiyo. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2020 kuwa sheria hiyo ilivunja sheria za Umoja. Kwetu, marekebisho ya mwaka 2019 yalibadili tafsiri ya shirika lisilo la kiserikali, na mashirika yaliyoandikishwa kwa sheria ya makampuni yakalazimika kuhamia daftari jingine. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama. Neno tunalolipitisha leo kwa uvivu, kesho hakimu wa Tarime atalisoma kama sheria.

Nyumba salama, kwa upande wake, ni istilahi njema: msichana wa miaka kumi huielewa bila mkalimani. Hicho ndicho kiwango tunachowaomba wafasiri wakifikie.