Bendera Katika Michezo ya Visiwa

Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi ilianzishwa Réunion mwaka 1979, na tangu hapo imefanyika pia Mauritius, Madagaska na Shelisheli. Kwa mbio na ndondi zake hatuna neno. Tunalotaka kulihakiki ni gwaride la ufunguzi, maana ndilo linalodai kutuonyesha udugu wa visiwa.

Hapo pana kasoro. Réunion, mwenyeji wa kwanza, ni mkoa wa Ufaransa. Wanamichezo wake huandamana na wale wa mataifa huru kana kwamba bahari imefuta tofauti hiyo. Hilo lilivumiliwa. Lakini Mayotte, ambayo Wakomoro huiita Maore na kuihesabu kuwa kisiwa chao cha nne, iliingia mwaka 2003 chini ya bendera ya Michezo yenyewe. Ilikuwa hila ya kidiplomasia, tukubali, ila hila yenye adabu. Mwaka 2015, huko Réunion, vijana wa Maore walipoandamana na bendera ya Ufaransa, Komoro ilijitoa.

Wako wanaosema kuwa Komoro iliingiza siasa michezoni. Sisi hatukubali. Siasa ilikuwamo katika bendera ile. Wakomoro waliitamka tu. Walioumia ni vijana waliongoja miaka minne tangu Michezo ya 2011, wakarudi kwao bila kushindana na ndugu zao wa Maore, wanaosikilizana nao kwa lugha iliyo jamaa ya Kiswahili chetu.