Huru si bure, na mchangiaji si mfadhili

Kiswahili kimebahatika. Kiingereza hutumia neno moja kwa mtu asiye mtumwa na kwa kitu kisicholipiwa, na ndiyo sababu Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka wa 1983, amekuwa akieleza miaka nenda miaka rudi kwamba programu anazozipigania ni huru, wala si lazima ziwe za bure. Sisi hatuna taabu hiyo. Huru ni huru, bure ni bure.

Lakini hebu sikiliza jinsi programu hizi zinavyonadiwa kwetu: "Ni ya bure, pakueni!" Bure, kama ajuavyo kila mzawa wa lugha hii, haimaanishi kutolipiwa tu. Mtu bure ni mtu asiyefaa. Kazi bure ni jasho lililopotea. Ukimwita kijana wa Ramisi kwenye kitu cha bure, usishangae akija mara moja, akachukua chake, akaenda zake.

Hoja yangu ni hii: miradi huria ya Kiswahili haikosi wataalamu, na wakati mwingine haikosi hata pesa. Inachokosa ni mwaliko unaoeleweka na mlango ambao mtu wa kawaida anaweza kuupita. Nina mifano mitatu.

Wa kwanza ni Jambo OpenOffice, iliyozinduliwa Desemba 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden. Ilikuwa kazi ya kuheshimika. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuandika barua kwenye kompyuta inayomsemesha kwa Kiswahili. Lakini programu ya ofisi huzoeleka pale mtu anapojifunzia kompyuta, na madarasa yetu ya kompyuta hapa Kenya hufundisha kwa Kiingereza. Mwanafunzi akishazoea menyu za Kiingereza, za Kiswahili humwonea ugeni. Hapo ndipo mnyororo hukatika, maana mchangiaji hazaliwi mchangiaji. Huanza kama mtumiaji, akakerwa na kosa, akaliripoti, akajibiwa vizuri, na kosa la pili akalirekebisha mwenyewe. Pasipo watumiaji hakuna wa kukerwa, na programu hubadilika kila toleo. Tafsiri isiyo na watu huachwa nyuma.

Mfano wa pili ni Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka wa 2003. Mwishoni mwa 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano la kuandika makala kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, na zawadi zikiwemo kompyuta. Makala ziliongezeka, sikatai. Lakini zawadi zilipotolewa, wengi wa washindani hawakurudi. Ajabu ni ipi? Waliitwa kushindana, wakashindana, wakamaliza. Shindano lina mwisho, kamusi elezo haina. Tena anayehesabiwa idadi ya makala ataandika nyingi fupi, kisha kazi ya kuzisahihisha atawaachia wachache waliokuwapo kabla yake.

Wa tatu ni Common Voice ya Mozilla, inayokusanya sauti ili mashine zijifunze kusikia lugha zetu. Huu umeanza vizuri zaidi, kwa sababu kazi ya kwanza ni ndogo: unasoma sentensi moja, au unasikiliza ya mwenzako na kusema kama ameisoma sawa. Hata bibi yangu angeweza. Dosari yake ni ya kilugha. Mtu wa Funzi akisoma sentensi ya Kiswahili sanifu, anachochangia ni lafudhi yake. Msamiati na sarufi ya Chifundi haviingii, wala vya Kivumba cha Wasini na Vanga. H. E. Lambert aliviandikia lahaja hizi vijitabu katika miaka ya 1957 na 1958, lakini nani Shimoni aliyewahi kuvitia machoni? Tusipoangalia, mashine nazo zitakuwa kama vile vijitabu: zinahusu watu wasiozijua. Na mashine hizi ndizo kesho zitakazopokea simu hospitalini na katika ofisi za serikali. Zisipomsikia mzee wa Vanga, si mashine itakayoambiwa haijui Kiswahili. Ni yeye.

Sasa tuangalie maneno yenyewe, kwa kuwa mwaliko ni maneno. Niliwahi kuwauliza vijana wa hapa Ramisi kama wangependa kuwa wachangiaji. Mmoja akanijibu papo hapo: "Mwalimu, mchango wa nini tena? Harusi ni ya nani?" Tulicheka, lakini alikuwa amesema kweli. Kwetu, mchango kwanza ni pesa, na mchangiaji ni mtu mwenye mfuko. Mwaliko usiotaja kazi umeshamfukuza asiye na kitu.

Au chukua neno "mkabidhi", ambalo Wikipedia yetu humwita msimamizi wake. Kamusini lina mashiko, lina harufu ya amana na wasii. Barabarani, kijana atauliza: kwani anamkabidhi nani, kitu gani? "Msimamizi" lingetosha. Kwa upande wa pili, makala fupi huitwa "mbegu", na hapo nawavulia kofia. Mkulima wa Msambweni hahitaji kuelezwa mbegu inataka nini.

Kuna watakaoniambia kwamba kujitolea ni anasa ya wenye mishahara. Kijana anayenunua bando kwa shilingi za kubahatisha, kwa nini amfanyie kazi mtu wa ng'ambo bila malipo? Swali zuri, wala silipuuzi. Jawabu langu ni kwamba kulipa si dhambi, ila tuchague tunacholipia. Lipia bando, lipia chumba chenye umeme, lipia chai. Usilipie hesabu ya makala. Cha kwanza kinamwondolea mtu kikwazo, cha pili kinamgeuza kibarua, na kibarua huondoka siku pesa zikiisha.

Hilo sisi tunalijua. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka wa 1988, ajira ilikwenda nacho, kwa kuwa uamuzi haukuwa mikononi mwa waliokata miwa. Wapenzi wa programu huria husema mradi wao hauwezi kufungwa namna hiyo, kwa sababu chanzo chake ki wazi na yeyote anaweza kuuendeleza. Ni kweli, lakini "yeyote" si jina la mtu. Pasipo watu wanne watano wanaojuana na kuijua kazi, uwazi huo ni shamba lisilo na ua na lisilo na mkulima.

Wadigo wana mweria, Kiswahili kina ujima na msaragambo. Katika kazi hizo mgeni hupewa jembe siku ile ile aliyofika, huoneshwa tuta lake, na jirani humsemesha wakilima. Akikosea, huelekezwa palepale, bila kufukuzwa shambani. Zamu yake ikifika, wote huenda kwake. Hayo ndiyo masharti ninayoyataka kwa kila mradi unaojiita huria na unaokuja Kwale kutafuta watu: kazi ndogo ya siku ya kwanza, jibu la haraka kwa anayeuliza, maneno yanayoeleweka sokoni, na zamu yetu pia. Zamu yetu ni Kidigo, Chifundi na Kivumba kupewa nafasi, badala ya sauti zetu kuchukuliwa tu.

Tusiseme tena "njooni, ni ya bure". Tuseme "njooni, ni yenu". Lakini tuseme hivyo ikiwa tu tumekwisha kuwatengea jembe.