Vina vya Hamira

Msimu wa korosho ukifika kusini, watu huokota mabibo chini ya mikorosho, huyakamua, kisha huacha maji yake yakae. Hakuna anayetia kitu. Siku moja au mbili baadaye maji yanatoa povu, utamu unapungua, na uraka umeiva. Karibu na bahari mgema hupanda mnazi alfajiri na kushusha tembo tamu, ambalo kufikia jioni limekuwa kali. Mama wa vitumbua wa Kilwa Masoko hukoroga unga wa mchele usiku, akaamka na kuukuta umefura hadi mdomoni mwa sufuria. Wote watatu hufanya kazi na ukoo mmoja wa viumbe wasioonekana kwa macho, hamira, na kila mmoja anaujua ukoo huo kwa tabia zake: kasi ya povu, harufu, ladha. Sura yake hawajawahi kuiona.

Kuna mtu wa nne katika pwani hii anayeishi na hamira, naye sifa zake hazijaimbwa. Ni mtaalamu wa maabara ya hospitali. Kwake hamira haiji katika kibuyu. Huja katika pamba iliyopitishwa kwenye ulimi wa mtoto mchanga, katika mkojo wa mgonjwa aliyelazwa na mpira kwa wiki mbili, katika chupa ya damu, au katika matone machache yaliyotolewa mgongoni mwa mtu anayelia kwa maumivu ya kichwa.

Mitaani haya yote yana jina moja, fangasi. Mba wa mgongoni ni fangasi. Utando mweupe mdomoni ni fangasi. Muwasho wa sehemu za siri ni fangasi, na ugonjwa wa uti wa mgongo unaoweza kumaliza mtu ndani ya wiki chache nao ni fangasi. Neno hilo linamtosha jirani anayemsimulia jirani. Halimtoshi daktari aliyeshika kalamu juu ya karatasi ya dawa, na fundi anayesifiwa hapa ni yule anayelivunja neno hilo moja kuwa majina mengi.

Asubuhi yake huanza kwa kufungua kabati la joto. Sampuli ya jana ilipandwa kwenye sahani ya chakula kilichobuniwa na Raymond Sabouraud, daktari wa ngozi wa Paris, yapata miaka 130 iliyopita: sukari, protini iliyomeng'enywa, na uchachu kidogo unaowakatisha tamaa bakteria. Hamira imeota vidonge vyeupe, laini kama siagi. Taratibu za usalama zinakataza kunusa sahani, lakini kifuniko kikiinuliwa harufu ya unga uliochachuka hufika yenyewe. Kwa muda mfupi maabara hunukia kama jiko la vitumbua.

Weupe ule hausemi mengi. Christine Berkhout, Mholanzi aliyeupa ukoo huu jina la Candida mwaka 1923, alichukua neno la Kilatini linalohusu weupe. Candida albicans, maarufu kuliko zote, ina weupe katika jina la kwanza na weupe tena katika la pili. Tatizo ni kwamba ndugu zake karibu wote ni weupe vilevile. Anayeishia kwenye rangi ya kidonge amesoma jalada tu.

Kwa hiyo huja jaribio ambalo lingestahili kufundishwa kwa heshima ile ile anayofundishwa nayo seremala kushika randa. Fundi huweka nusu mililita ya seramu katika kichupa. Hugusa kidonge kwa ncha ya kijiti, mguso mdogo mno, kwa sababu hamira ikibanana hukataa kujionyesha. Kichupa hukaa kwenye joto la mwili wa binadamu, nyuzi 37, kwa saa mbili hadi tatu. Kikiingia saa 3 asubuhi, saa 5 na nusu tone lake liko chini ya hadubini. Ikiwa ni albicans, kila chembe imetoa mrija mwembamba ulionyooka, bila kubanwa pale unapoanzia, kama kunde iliyotoa mzizi wake wa kwanza. Reynolds na Braude walieleza tabia hii mwaka 1956, na hadi leo hakuna njia ya haraka inayogharimu kidogo kuliko hiyo.

Uzuri wake uko katika saa. Kichupa kikisahaulika kwa sababu foleni ya wagonjwa wa malaria imejaa mlangoni, Candida tropicalis nayo huanza kurefuka. Kwa jicho lenye haraka, nyuzi zake zinafanana na mirija ile. Tofauti ni kiuno: nyuzi za tropicalis zimebanwa pale zinapoungana na mama, mrija wa albicans haujabanwa. Fundi mzuri hutazama kiuno hicho, hurudi kwenye saa, kisha hutazama tena. Pembeni ameweka vichupa viwili vya hamira anazozijua, kimoja cha kukubali na kingine cha kukataa, ili seramu yenyewe ikiwa imeharibika asidanganyike.

Kilwa Kisiwani ina ustadi unaofanana na huu. Sarafu za shaba za masultani wake ni ndogo, nyingi zimeliwa na kutu, na mtu asiyezijua angezidhania vifungo vya kanzu. Mwaka 1936 John Walker wa British Museum alichapisha uchunguzi wake juu yake. Upande mmoja una jina la sultani, mathalani Ali bin al-Hasan. Upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mola, yaliyochaguliwa ili mwisho wake ulingane kwa sauti na mwisho wa jina lile. Pande mbili zina vina. Msomaji anayekuta herufi mbili tatu tu upande mmoja huigeuza sarafu, akatafuta kina upande wa pili. Vina vikikubaliana, sultani amejulikana.

Hamira husomwa hivyo hivyo. Mrija wa kwenye seramu ni upande mmoja wa sarafu. Candida dubliniensis, iliyoelezwa kutoka Dublin mwaka 1995, nayo hutoa mrija, basi lazima sarafu igeuzwe.

Upande wa pili mara nyingi ni uji. Haya si mafumbo: ni unga wa mahindi uliochemshwa, ukachujwa, ukagandishwa kwa agari. Hamira hupandwa kwa mikwaruzo michache, hufunikwa kwa kioo chembamba ili hewa iwe haba, na huachwa siku mbili tatu kwenye nyuzi kama 25, joto ambalo katika chumba cha Lindi mwezi wa Februari ni la kutafutwa. Chakula ni duni makusudi. Hamira iliyoshiba hunenepa na kufanana na wenzake. Iliyonyimwa huonyesha umbo lake. Albicans hutandaza nyuzi zenye vishada vya chembe, na kwenye ncha huweka mipira yenye ukuta mnene, klamidospora. Candida glabrata haina nyuzi kabisa, ni chembe ndogo tupu. Candida krusei hupanga chembe ndefu kama magogo yanayoelea mtoni. Huyu anayetazama uji huo kwa dakika kumi, akisogeza slaidi milimita kwa milimita, anasoma mwandiko.

Agari yenyewe hutoka kwenye mwani. Mwani unaofungwa kwenye kamba na akina mama wa pwani ya Kilwa na Lindi ni wa jamaa nyingine, hutoa karajini, lakini sifa ni ile ile: maji yanageuka kitu kinachoshikika. Fanny Hesse ndiye aliyeipendekeza agari katika maabara ya Robert Koch mwaka 1881, baada ya kuifahamu jikoni, katika mapishi ya watu waliowahi kuishi Java. Hadi leo maabara nzima za vimelea zimelazwa juu ya wazo hilo la mpishi.

Ng'ambo ya maji ya Kilwa, upande wa Madagaska, ilipatikana hamira iliyowasumbua wasomaji wa uji. Ilitoka kwa wanawake wa huko na wa Angola, ilitoa mrija kwa uvivu, na klamidospora haikutoa hata moja. Mwaka 2001 iliitwa Candida africana. Yeyote anayefanya kazi hii kwenye Bahari ya Hindi ana sababu ya kukumbuka kwamba picha za vitabuni zilichorwa mbali na hapa.

Lakini sehemu ya kazi hii inayoshika moyo zaidi ni ile ya wino. Mgonjwa ana VVU, kinga imeshuka, kichwa kinauma siku ya kumi, shingo imekaza. Tone la maji ya uti wa mgongo huchanganywa na tone la wino mweusi. Uwanja wote wa hadubini unakuwa usiku. Ikiwa yupo hamira aitwaye Cryptococcus neoformans, anaonekana kama mwezi wenye duara la mwanga: chembe ya mviringo katikati, na kuizunguka koti pana la ute ambalo wino haukuweza kulipenya. Mtu akiliona mara moja halisahau. Hata hapa kuna mtego. Chembe nyeupe ya damu nayo yaweza kusukuma wino na kuonekana kama ina duara, na povu la hewa vilevile. Fundi hutafuta ukingo mkali wa ukuta na, juu ya yote, mtoto anayechipua ubavuni. Kisha hugeuza sarafu: Cryptococcus huvunja urea, Candida kwa kawaida haivunji, na kwenye chakula cha mbegu za nuugi, zile ambazo Wahabeshi hukamulia mafuta na Wazungu hulishia ndege, huota vidonge vya kahawia kwa sababu hutengeneza melanini. Njia hiyo ilianzishwa na Friedrich Staib mwaka 1962.

Wino haumwoni kila mara. Siku hizi kijiti cha kupima antijeni, kinachosomeka kwa dakika kumi, humpata kwenye damu kabla hajafika kichwani. Tanzania ina mchango wake hapa. Katika utafiti ulioendeshwa Dar es Salaam na Lusaka, ukiongozwa na Sayoki Mfinanga na kuchapishwa katika Lancet mwaka 2015, wagonjwa 1,999 waliokuwa wakianza dawa za VVU wakiwa wamedhoofika walifuatiliwa. Waliopimwa antijeni hiyo na kutembelewa nyumbani katika wiki za mwanzo walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 28. Ni kijiti cha karatasi, tone la damu, na mtu wa kupiga hodi.

Jina huamua dawa, na hilo ndilo linaloupa ufundi huu uzito wake. Flukonazoli ndiyo iliyo karibu na mikono ya wengi. Candida krusei huzaliwa na ukinzani dhidi yake, na glabrata mara nyingi huhitaji dozi kubwa au dawa nyingine. Daktari anayeandikiwa "hamira imeonekana" anabahatisha. Anayeandikiwa krusei hapotezi wiki. Watafiti wa Muhimbili walipochunguza midomo ya watu wenye VVU na kuchapisha mwaka 2008, albicans ndiyo iliyotawala. Miaka minane baadaye wenzao wa Mwanza waliripoti wingi wa zile zisizo albicans. Wanaotibu kwa kukisia wangeziona taarifa hizo mbili kuwa moja.

Nairobi ina onyo kubwa zaidi. Katika hospitali ya chuo kikuu cha Aga Khan, kati ya Septemba 2010 na Desemba 2016, wagonjwa 77 walikutwa na Candida auris katika damu, asilimia 38 ya wote waliokuwa na Candida damuni. Hamira hii ilielezwa kwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009, kutoka sikioni mwa mgonjwa, na mashine nyingi za wakati ule duniani ziliisoma kama Candida haemulonii. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la juu la fangasi wa kuogopwa, pamoja na albicans na Cryptococcus. Mashine mpya zinazopima protini zinaitambua kwa dakika chache, na ni vema zikafika kila kanda. Hata hivyo fundi asiye nayo hayuko gizani. Auris haitoi mrija, kwenye uji kwa kawaida haina nyuzi, na huota kwenye nyuzi 42, joto ambalo haemulonii hailivumilii. Sahani ya pili kwenye kabati lenye joto hilo inatosha kumfanya apige simu.

Sampuli inayoifuata simu hiyo kwenda Dar es Salaam hupita kwenye barabara moja. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe kwenye Rufiji mwaka 2003, Lindi imekaribia Dar es Salaam kuliko enzi za kivuko. Lakini Mei 2024, mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo eneo la Somanga, Kilwa, na kwa siku kadhaa magari yalisimama pande zote mbili. Katika siku kama zile kipimo kilicho karibu na kitanda ndicho kipimo kilichopo. Seramu kwenye jokofu, unga wa mahindi, wino, na mtu aliyefundishwa akafundishika: hivyo havisubiri kivuko wala daraja.

Saa 5 na nusu imefika. Kichupa kinatolewa kwenye kabati, tone linawekwa kwenye slaidi, kioo chembamba kinashushwa kwa pembe ili hewa isibaki ndani. Lenzi ya kumi kwanza, kisha ya arobaini. Fundi anahesabu chembe zenye mrija, anatazama kiuno cha kila mmoja, anakagua vichupa viwili vya pembeni, kisha anavuta daftari la matokeo na kuandika maneno mawili ya Kilatini, na saa aliyoyasoma.