Biweekly: Kamusi Ilipokwepa Kazi Yake

Wahariri wa Merriam-Webster wamechemsha kwenye biweekly. Kidahizo kimoja kimebeba fasili mbili zinazogongana: mara mbili kwa wiki, na mara moja kila baada ya wiki mbili. Ukifuata rejeleo hadi kwenye kiambishi bi-, unaambiwa kwamba utata huu ni wa zamani, kamusi haiwezi kuuondoa, na mwandishi mwenyewe aweke dalili za maana anayoikusudia.

Sasa liingizeni neno hilo kwenye mkataba wa kazi. Mshahara wa kila wiki mbili hulipwa mara 26 kwa mwaka. Wa mara mbili kwa wiki, mara 104. Mwajiri na mfanyakazi wakigombana, kila mmoja atafungua kamusi ileile na kila mmoja atakuta imempa haki. Na dawa wahariri wanayo! Semi-, ya kutumia kwa maana ya mara mbili, wanaitaja wenyewe, ila wameiweka kwenye kidahizo cha bi-, mbali na karani aliyefungua biweekly kwa haraka. Fortnight ipo tangu Kiingereza cha Kale, usiku 14, haina mgogoro na mtu.

Wataniambia kazi ya kamusi ni kurekodi matumizi. Ndiyo hoja iliyoikinga Webster's Third, kamusi ya kampuni hiyohiyo chini ya mhariri Philip Gove, mwaka 1961, na sijaikubali hadi leo. Anayerekodi hakatazwi kuonya.

Kwa haki yao, asili za maneno ya biashara wahariri wamezishughulikia vizuri: trade imerudishwa kwenye maana ya njia, fair kwenye feria, sikukuu kwa Kilatini. Walimu wa jiografia wanaong'ang'ania kwamba trade winds zimeitwa hivyo kwa ajili ya wafanyabiashara waanzie hapo. Ni pepo zinazoshika njia moja.

Lakini kwenye bi- wameshindwa na Henry Fowler, ambaye katika mwongozo wake wa matumizi ya Kiingereza wa mwaka 1926 hakuhitaji kurasa nyingi. Aliyalaumu maneno haya ya bi- kwa kuchanganya Kilatini na Kiingereza na kwa kuwa na utata, kisha akatoa mengine ya kuwekwa mahali pake. Noah Webster naye, katika kamusi yake ya 1828, aliing'oa u kwenye colour, na Marekani ikamfuata. Leo kamusi yenye jina lake inasema haina uwezo juu ya neno moja la kalenda. Ilitakiwa alama ya matumizi palepale kwenye biweekly, kabla ya fasili ya kwanza: lina utata, usilitumie kwenye malipo.