Uhakiki wa Istilahi za Mifumo ya Kupendekeza

Safari hii tumeona inafaa kuichunguza orodha ya istilahi inayotumiwa na baadhi ya wanafunzi wa shahada ya uzamili wanaosoma misingi ya mifumo ya kupendekeza, yaani programu za kompyuta zinazomchagulia mtu filamu, muziki, habari au bidhaa kwa kufuata kumbukumbu za matumizi yake na ya watu wengine. Somo lenyewe hufundishwa kwa Kiingereza. Orodha wameitunga wao wenyewe ili wapate kujadiliana kwa Kiswahili. Juhudi hiyo yastahili pongezi, na lengo letu si kuwakatisha tamaa. Hata hivyo, istilahi ndiyo mlango wa dhana. Mlango ukiwekwa upande usiofaa, mwanafunzi ataingia chumba kingine.

Tuanze na istilahi iliyo maarufu kuliko zote, uchujaji shirikishi. Hii ni tafsiri sisisi ya jina lililotolewa mwaka 1992 na watafiti wa kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, walipoeleza mfumo wao uitwao Tapestry. Mfumo huo uliwasaidia watu kupambana na wingi wa barua za kompyuta: msomaji mmoja aliandika maoni yake juu ya barua, na wenzake wakayatumia maoni hayo kuamua wasome ipi. Hapo neno shirikishi lilikuwa na haki yake, na neno uchujaji kadhalika.

Lakini mambo yalibadilika upesi. Mwaka 1997 Paul Resnick na Hal Varian, wakiandika katika jarida la Communications of the ACM, walilipendelea jina la mifumo ya kupendekeza badala ya lile la awali. Walitoa sababu mbili. Kwanza, watu ambao maoni yao hutumiwa huenda wasishirikiane kwa kusudi na wanaopokea mapendekezo, wala wasijuane. Pili, kazi ya mfumo si kuondoa visivyotakiwa tu, bali pia kuonyesha vinavyoweza kumvutia mtu. Sababu zote mbili zina uzito katika lugha yetu. Achujaye tui hutupa chicha. Nia yake ni kutenganisha. Na ushirika, kwa Mswahili, hauwi bila hiari. Mtu aliyesikiliza wimbo usiku akiwa peke yake hakushirikiana na yeyote. Ameacha nyayo, na mashine imezifuata. Kwa hiyo twapendekeza istilahi upendekezaji kwa nyayo, ikabiliane na upendekezaji kwa maudhui, ambao hutazama sifa za kitu chenyewe. Twafahamu kwamba jina la kigeni lingali likitumika vyuoni hadi leo. Hiyo si sababu ya sisi kurithi kasoro ambayo wenyewe walikwisha kuiona.

Jambo la pili ni zito zaidi. Orodha hutumia neno pendekezo kwa mambo mawili: alama ambayo mashine inadhani mtumiaji angekipa kitu, na kitu kinachoonyeshwa hatimaye. Hizi ni dhana mbili, na kuzichanganya ni kosa la taaluma, si la lugha pekee. Mfano mzuri ni shindano lililotangazwa na kampuni ya Netflix mwezi Oktoba 2006, lenye zawadi ya dola milioni 1. Washindani walipewa alama zaidi ya milioni 100 zilizotolewa na watumiaji 480,189 kwa filamu 17,770. Jedwali la watumiaji hao na filamu hizo lina visanduku zaidi ya bilioni 8.5, takriban 99 katika kila 100 ni vitupu. Kazi ilikuwa kukisia alama zilizofichwa na kupunguza makosa kwa asilimia 10 kulingana na mfumo wa kampuni. Zawadi ilitolewa Septemba 2009. Hata hivyo, mwaka 2012 kampuni ilieleza kwamba haikuutumia mkusanyiko kamili wa mbinu za mshindi, kwa kuwa nyongeza ya usahihi haikulingana na kazi ya uhandisi iliyohitajika. Aidha, kukisia alama kulikuwa kumekwisha kuwa sehemu moja tu ya shughuli zake.

Basi na tuseme kisio kwa ile alama inayodhaniwa, mpangilio kwa safu ya vitu kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho, na pendekezo kwa kile kinachowekwa mbele ya mtu. Mwanafunzi asiyetenganisha haya atapima kisio, kisha ataandika katika tasnifu yake kwamba amepima pendekezo. Zaidi ya hayo, kamati inapotoa mapendekezo huyatia sahihi, na mwenye kupelekewa ana uwezo wa kuyakataa na kuuliza sababu. Mashine haitii sahihi. Mwananchi akifahamu kwamba nyuma ya pendekezo mna kisio, atajua pia kwamba kisio hukosea, na kwamba kuna aliyeamua kipi kitangulie.

Tatu, neno fiche limepewa mizigo miwili. Orodha ina sifa fiche na mrejesho fiche. Ya kwanza ni sahihi: ni namba ambazo mashine huzipata yenyewe kutokana na jedwali, na hakuna aliyeziandika. Ya pili yapotosha, kwani mtu aliyeitazama filamu hadi mwisho hakuficha kitu. Ametenda, ila hakusema. Afadhali tuwe na mrejesho wa kauli kwa alama anazozitoa mtu mwenyewe, na mrejesho wa vitendo kwa yale anayoyafanya.

Nne, mwanzo baridi. Msomaji wa Tanga au Kigoma atajiuliza baridi hiyo imetoka wapi. Dhana yenyewe ni kwamba mtumiaji mpya, au kitu kipya, hana kumbukumbu yoyote ya kutegemea. Lugha yetu inalo jina lake: ni tatizo la ugeni. Tunaweza kusema ugeni wa mtumiaji na ugeni wa kitu bila ya kueleza zaidi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mashine nayo hungoja kazi ya mgeni wake ndipo imjue.

Hatuna budi kusifu panapostahili. Jirani, kwa mtumiaji ambaye mapenzi yake yamekaribia ya mwingine, limechaguliwa vyema. Kadhalika utenganishaji wa vigawo, kwa njia ya kulivunja jedwali kubwa kuwa majedwali mawili madogo ambayo zao lake hukaribia lile la kwanza. Kila aliyejifunza shule ya msingi kwamba 3 na 4 ni vigawo vya 12 ataanzia mahali anapopajua.

Kwa hiyo, kabla ya orodha hii kupelekwa kusanifiwa, watungaji na waipitie upya wakiuliza juu ya kila neno: je, latafsiri jina la kigeni, au laeleza kazi inayofanyika? Wasomaji nao wanakaribishwa kuyapinga mapendekezo yetu. Sisi tumeyatia sahihi.